Kiangazi Walichomchukua Mwalimu Yeremia

Chaki tulikuwa tunachimba wenyewe. Nyuma ya shule palikuwa na korongo, na kwenye ukingo wake udongo mweupe ambao watu walijipaka siku za ngoma. Tuliuponda, tukaukanda kwa maji kidogo, tukauviringisha kama vidole na kuuanika kivulini, maana ukiuanika juani hupasuka. Wino ulikuwa masizi ya chungu na gundi ya mgunga. Najua ninyi walimu vijana hamtachimba chaki, wanangu. Lakini mmeniuliza shule ilikuwaje wakati wa Wajerumani, nami nikianza moja kwa moja mahali pagumu, sauti hunikatika. Niacheni niingie polepole.

Mimi ni Damari. Nilifundisha wasichana wa shule ya kanisa la Kiingereza, lile lenye askofu, katika kijiji kilichoko kusini ya Dodoma, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Mkuu wa walimu alikuwa mume wangu, Mwalimu Yeremia. Jengo letu lilikuwa tembe refu kama tembe za Wagogo wote: ukuta wa miti na udongo, na juu paa bapa la udongo ambalo mbuzi walipenda kupanda. Upande mmoja wavulana, upande mwingine wasichana, katikati chumba kikubwa kilichokuwa darasa siku za kazi na kanisa siku ya Jumapili.

Kwetu mwaka wa shule ulifuata mtama. Mvua zikinyesha, darasani anabaki mwalimu na mbuzi aliyekimbia manyunyu, maana kila mtoto mwenye mikono yuko shambani analima au anafukuza ndege. Lakini mtama ukishapurwa na kuingia vihenge, kiangazi kikakauka na upepo ukaanza kuzoa vumbi, hapo shule hujaa. Mambo yetu yote makubwa yalitokea wakati huo: Sikukuu ya Mavuno, ubatizo, mtihani wa kusoma mbele ya wazazi, na kukandika paa upya kabla mvua hazijarudi. Mtu akikutana na mwingine njiani hata huko Bahi, baada ya kuulizana hali za ng'ombe, alimuuliza, shule yenu kuna habari gani?

Aliyenifundisha kazi ni bibi mmoja wa Kiingereza, tulimwita Bibi wa Miwani. Alikuwa mkali kwa walimu na mpole kwa watoto, na baadaye nikaona ndivyo inavyofaa. Siku moja alinisikia nikifundisha hesabu. Nilikuwa nimesema, Baba Malogo ana mbuzi kumi, akinunua watano atakuwa na wangapi? Watoto wakatazamana. Mwishowe msichana mmoja, Sechelela, akaniuliza hao watano walitoka wapi, na kama walitoka Bahi wakati wa ugonjwa wa mifugo, basi jibu si kumi na tano, huenda jibu ni hakuna. Nikamwambia akae chini. Bibi wa Miwani alinivuta nje akasema yule mtoto amefikiri kuliko mimi, na kwamba mtoto akikuuliza swali zuri usimkalishe chini. Tangu siku ile nilimtazama Sechelela kwa jicho lingine. Kwao walikuwa wachungaji wa ng'ombe. Baba yake alimleta shule kwa sababu binti alikuwa mgonjwa wa kifua na hakuweza kukimbia nyuma ya ng'ombe. Mkumbuke jina lake, maana ndiye aliyenishika mkono.

Siku nyingine nilisomesha neno bahari. Wakaniuliza bahari ni nini. Nami sikuwahi kuiona. Nikasema ni kama mbuga ya Bahi mwaka wa mvua nyingi, ila huoni ng'ambo. Mtoto akataka kujua mtemi wake ni nani. Yeremia, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alicheka mpaka akajishika ukutani. Alikuwa mtu wa kucheka. Nawaambia hili mapema kwa sababu yanayofuata hayana kicheko.

Vita ya Waingereza na Wajerumani ilipoanza, sisi tuliisikia kama radi ya mbali. Kisha serikali ikaja kuwachukua Wazungu wetu, kwa kuwa walikuwa Waingereza. Bibi wa Miwani alipewa muda wa kufunga sanduku moja tu. Alimkabidhi Yeremia funguo, akanikabidhi mimi mkasi wa kushonea, akaondoka akiwa katikati ya askari, kofia yake kubwa kichwani. Hatukumwona tena.

Yeremia akakusanya walimu akasema shule haikufungwa na mtu, kwa hiyo iko wazi. Kwa kiangazi kimoja kizima tuliiendesha wenyewe. Ikawa desturi, kila Jumamosi jioni, Yeremia asimame barazani awasomee wazazi habari za wiki: nani kafika kitabu cha pili, mbuzi wa shule kazaa, zamu ya kuteka maji ni ya nani. Watu walitoka mbali kuja kusikia majina ya watoto wao yakitajwa.

Basi ukaja mwaka wa pili wa vita. Mtama ulikuwa haba, na uliokuwapo serikali iliutaka kwa ajili ya askari wake, pamoja na ng'ombe, pamoja na wanaume wa kubeba mizigo. Wazee walisema Sikukuu ya Mavuno iachwe mwaka ule. Yeremia alishauriana nao, wakakubaliana kila nyumba ilete konzi moja tu, iwekwe akiba ya watoto wa shule waliotoka mbali. Hilo watu walilielewa, wakaleta zaidi ya konzi.

Siku yenyewe chumba kilijaa. Vikapu vya mtama na uwele vilipangwa mbele, na maboga, na karanga. Tulikuwa hatujamaliza wimbo wa pili askari wakazunguka tembe. Aliyewaongoza alikuwa shaushi, mkubwa wao, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Aliingia akavua kofia yake nyekundu, kwa heshima, nakumbuka, kisha akawaambia watu wake wachukue vikapu. Watu wakaanza kunung'unika. Yeremia akawanyamazisha kwa mkono.

Shaushi alikuwa anageuka kutoka alipoona ukuta.

Sikuwaambia habari ya ukuta. Yeremia alikuwa amechora juu yake, kwa masizi na udongo mwekundu na ule mweupe, nchi ya Palestina, ukutani kote, ili watoto waone Biblia inapita wapi. Milima ilikuwamo, na ziwa, na mji mmoja mmoja na jina lake. Ilimchukua kiangazi kizima. Shaushi akakaribia, akaweka kidole juu ya mstari mweupe.

"Mto huu uko wapi?"

"Ni Yordani, bwana shaushi. Uko nchi ya mbali, ya Nabii Isa."

"Na njia hii nyekundu?"

"Ni njia ya kupanda Yerusalemu."

"Wanapanda akina nani?"

Yeremia akasema ni Bwana Yesu na wanafunzi wake, zamani sana. Shaushi akatafakari. Kidole chake kikasogea mpaka kwenye duara dogo.

"Hiki ni kisima. Cha nani?"

"Kisima cha Yakobo."

"Yakobo yuko wapi?"

Hapo, wanangu, likatokea jambo ambalo mpaka leo sijui nicheke au nilie. Fundi wetu wa paa aliitwa Yakobo, na alikuwa ameketi karibu na dirisha. Watu, bila kukusudia, waligeuza shingo wakamtazama. Shaushi akafuata macho yao. Mtoto mmoja akacheka. Askari wawili wakamwinua Yakobo kwa mabega, naye akiuliza amefanya nini, na kisima gani.

Walifungwa wote wawili, Yeremia na Yakobo, kwa kosa la kuchorea Waingereza njia na visima vya maji. Waliondoka na vikapu vyote. Yeremia alipopita karibu nami alikuwa ameshaanza kufikiri kazi, nilimjua kwa uso. Aliniambia nisiwaache watoto wakafuta ukuta kwa hofu, kwa kuwa tukiufuta tutakuwa tumekiri.

Boma la Dodoma lilikuwa halilishi wafungwa wake vizuri, hivyo jamaa walipeleka chakula. Mimi nilikwenda kila wiki. Nilisuka kikapu kidogo chenye kifuniko, nikatia ugali wa uwele na mlenda mkavu, nikampa Sechelela darasa la wadogo, nikamwacha mwanangu Stefano naye. Stefano alikuwa mtoto wetu wa pekee, ndiyo kwanza ameanza kutembea. Nililala kwa shangazi yangu upande wa Kikuyu, pembeni mwa mji, na asubuhi nikaenda mahali wafungwa walipokuwa wakivunja mawe.

Walikuwa kwenye mnyororo mmoja, wamefungwa shingoni, mtu na mwenzake. Askari wa zamu, Mmanyema mmoja, aliniruhusu kuzungumza kwa sharti moja: niseme Kiswahili, na kwa sauti, ili naye asikie. Kigogo hapana. Fikirieni mke na mume wanazungumza mbele ya watu wote hao, kwa lugha ya barabarani, kama wanauziana kuku. Siku ya kwanza nilibaki nikifungua na kufunga kifuniko cha kikapu. Yeremia akanisaidia.

"Nipe habari za shule," alisema.

Nikampa. Nilisimama pale juani nikamwambia nani kafika kitabu cha pili, nani ana macho mabaya, boriti gani imeliwa na mchwa, na kwamba wavulana wanachunga mbuzi kwa zamu. Nilipomaliza, mfungwa mwingine, mfanyabiashara Mwislamu kutoka Kolo, aliuliza boriti ile itabadilishwa lini. Wiki iliyofuata walinikumbuka. Kabla sijafungua kikapu, yule mtu wa Kolo aliuliza kama msichana wa kifua ameshamaliza kitabu. Hata Mmanyema alikuwa akisogea karibu. Nadhani hakuna mmoja wao aliyekuwa akipata habari za kwake, basi wakashika za kwetu.

Huku nyumbani akiba ilikuwa imekwenda na vikapu. Wenye kwao karibu niliwarudisha. Waliobaki nilikwenda nao porini asubuhi, tukaokota ubuyu na kuchimba mizizi, kisha tukasoma mchana. Jambo moja nililojifunza, na hili linawafaa hata leo: mtoto mwenye njaa usimfundishe kwa kuimba. Kuimba kunamaliza nguvu. Mpe kazi ya mikono na ya macho, herufi kwenye majivu, kushona, kupanga vijiti. Na usimpe hesabu ya chakula.

Tumbo la kuhara likaingia. Liliwashika wadogo, na Stefano akiwa mmoja wao. Nilimpa maji ya uwele, nilimpa mizizi tuliyoifahamu, bibi mmoja wa kijiji akaja na dawa zake za jadi, na mimi mke wa mwalimu sikumzuia. Stefano alifariki asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Wanaume wa kuchimba kaburi walikuwa wamekwisha, wamechukuliwa kubeba mizigo, kwa hiyo tulichimba sisi wanawake na wasichana wakubwa. Ardhi ya kiangazi kwetu ni kama tofali. Nilijaribu kusoma sala ya maziko, macho yakakataa. Sechelela alichukua kitabu cha sala mikononi mwangu akasoma.

Ilipofika siku ya kwenda Dodoma, Sechelela alinisihi nisiende. Alisema, "Mwalimu, ukienda utalazimika kumwambia pale, mbele ya watu." Nikamjibu kwamba nisipokwenda Yeremia atabashiri msiba mwenyewe, na atakuwa peke yake.

Nilisimama mahali pangu. Yeremia alikuwa amekonda, shingo yake ilikuwa na kidonda chini ya chuma. Akaniuliza habari za shule. Nikaanza na paa. Nikasema boriti imebadilishwa, tunasubiri udongo. Nikasema mtihani utakuwapo. Nikataja majina. Niliyataja polepole, nikijua yataisha. Yakaisha.

"Na mtoto?" aliuliza.

"Stefano tumemzika Jumatano. Ubavuni mwa kanisa, upande wa mashariki."

Yeremia akataka kukaa. Mnyororo haukumwachia. Mtu wa mnyororo hawezi kukaa mwenzake akiwa amesimama. Yakobo, aliyekuwa nyuma yake, alikaa chini mara moja ili kumpa nafasi. Na yule mtu wa Kolo, mbele yake, akakaa. Kisha mwingine, na mwingine, mpaka mstari mzima ukawa umeketi juu ya mawe, watu wasiotujua, wengine wasiojua hata kilichosemwa. Kazi ikasimama. Mmanyema alitazama huku na huku, kiboko mkononi, halafu akatupa kisogo, akakaa akiangalia upande wa mji.

Yeremia akauliza, "Nani aliomba?"

"Sechelela. Mimi sikuweza."

"Alisoma vizuri?"

"Hakukosea neno."

Akaitikia kwa kichwa, kama alivyofanya darasani mtoto alipojibu sawasawa. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyoambiana. Nilipokwenda tena nilikuta mawe tu. Mwanamke mmoja aliyeuza maziwa karibu na boma aliniambia wafungwa wamepelekwa Tabora, na kwa miguu, kwa sababu gari moshi lilikuwa la askari na mizigo yao. Nilikula ule ugali mwenyewe njiani, kwa kuwa kuutupa ilikuwa dhambi.

Mtihani tuliufanya. Wazazi waliokuja walikuwa wachache, karibu wote wanawake, na hakuna aliyekuwa na cha kuleta. Niliwaita watoto mmoja mmoja wakasimama chini ya ile Palestina ya ukutani, wakasoma. Wengine walikuwa wameegemea ukuta kwa udhaifu. Sechelela alisoma wa mwisho, na baba yake, mchungaji asiyejua herufi moja, alisikiliza akiwa ameinamia fimbo yake. Aliponiaga alisema alikuja kumchukua binti yake amwoze, apate mahari ya kununulia nafaka, lakini sasa ataniachia mpaka mvua. Mvua zikaja, hakurudi. Nilisikia baadaye kuwa njaa ilimkuta njiani akihamisha ng'ombe wake wa mwisho.

Paa tulikandika sisi wenyewe. Tulipanda juu na vibuyu vya maji na vikapu vya udongo, tukafanya kama tulivyomwona Yakobo akifanya, na mvua ya kwanza ikavuja mahali pengi.

Kiangazi kilichofuata Wajerumani waliondoka Dodoma, Waingereza wakaingia. Baada ya miezi kama miwili, Tabora nayo ilipotekwa na wafungwa wakaachiwa, nilikuwa darasani, nikasikia mtu ananiambia "Mbukwa", kwa salamu yetu ya Kigogo, sauti kama ya mzee. Alikuwa Yakobo. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe. Nilimkaribisha, nikampa maji, nikatuma watoto nje. Yeye hakutaka kukaa kwanza.

Aliniambia kwamba Yeremia alianguka kwenye mpando wa kutoka Bahi kwenda Kilimatinde. Homa ilikuwa imemshika tangu tambarare, na kidonda cha shingo kimeoza. Alikuwa akisema maneno ya darasani, akiita watoto. Askari walimfungua mnyororo ili mstari uendelee. Yakobo na mtu wa Kolo waliomba ruhusa ya kumzika, wakakataliwa, wakaruhusiwa kupanga mawe juu yake tu.

"Alikuwa amekata roho?" nilimuuliza.

Yakobo akaweka maji yake chini. "Mama Stefano," akasema, "tulingoja mpaka alipokata. Askari walituharakisha, tukajifanya hatuyaoni mawe yaliko. Walitupiga, lakini tulingoja."

Nikamuuliza ni upande gani wa njia. Akasema mkono wa kushoto, karibu na mwamba wenye ufa. Yeye mwenyewe miguu yake haikuweza tena safari ile.

Nilifunga shule, kwa mara ya kwanza tangu Bibi wa Miwani achukuliwe, nikaondoka na Sechelela, na kitabu cha sala cha Kigogo, na kibuyu cha maji. Tulipita Bahi, mbuga ikiwa imekauka na kupasuka, hakuna samaki wala ndege. Tulianza kupanda. Upande wa kushoto tukaona mwamba wenye ufa, na chini yake rundo la mawe, urefu wa mtu. Nikapiga magoti. Sechelela akafungua kitabu, akasita, akanigusa bega.

Kulikuwa na rundo jingine mbele kidogo. Na lile nalo lilikuwa karibu na mwamba, na mwamba nao ulikuwa na ufa, kwa maana miamba ya mpando ule yote ina nyufa. Baada ya hilo kulikuwa na jingine. Mengine yalikuwa yamebomolewa na fisi, tukaona tusiyotaka kuona. Nilitafuta kitu cha kumtambua, kitambaa, kifungo. Jua lilikuwa limekula kila kitu.

Nilirudi kwenye rundo la kwanza, nikasema tuanzie hapa. Sechelela akasoma sala ya maziko yote, bila kuruka, nami nikaitikia. Tukasogea la pili, akasoma. La tatu. Sikujua ni Wagogo au Wanyamwezi, Wakristo au Waislamu, walimu au wapagazi. Jua lilipokuwa linaegemea magharibi, sauti yake ilikuwa imekauka na kifua kinampiga, na juu yetu njia iliendelea kupanda, na pembeni mwake mawe yaliyopangwa yaliendelea kuonekana. Alinigeukia, kitabu kikiwa wazi mikononi, akangoja nimwambie kama inatosha.

Nikampa maji yaliyobaki. Nikamwambia, "Soma."